Rangi za Timu na Heshima ya Mahali

Kila Jumamosi, katika gulio la Lyulilo ufukoni mwa Ziwa Nyasa, vyungu vya Wakisi hupangwa vikingoja wanunuzi. Vimefinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi. Anayevinunua hahitaji kuelezwa vimetoka wapi, kwani kazi ya mikono imekwisha kulitangaza jina la mahali. Lakini waulize vijana wa ufuko huo wao ni wa wapi katika michezo, nao watakutajia mitaa miwili ya Kariakoo, Dar es Salaam: Msimbazi na Jangwani.

Hatusemi hayo kwa kuwalaumu. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kupewa jina lake la sasa mwaka 1971, ni mali ya Taifa zima. Kijani na njano kwa upande mmoja, nyekundu na nyeupe kwa upande wa pili, zimewaketisha Mnyakyusa, Mmakonde na Mpemba pamoja bila kuulizana kabila. Hiyo ni kazi ya umoja, wala haifai kubezwa.

Hata hivyo, wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani, ilitwaa ubingwa wa nchi mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya iliyoanzishwa mwaka 2011, ilishika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, na rangi ya zambarau ikawa vazi la fahari mjini. Ndugu zetu wa Visiwani nao ni mashahidi: Januari 2024 Mlandege, yenye jina la mtaa wa Mji wa Unguja, iliifunga Simba bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi.

Lakini Tukuyu Stars haikutwaa tena ubingwa huo. Ni dhahiri kwamba sifa isiyojengewa msingi haidumu. Msingi huo si jezi zinazogawiwa wakati wa kampeni. Sisi wanachama na viongozi hatuna budi kujikosoa katika jambo hili, kwani mara nyingi jezi hizo huchakaa kabla ahadi hazijatimizwa, na kijana hubaki akicheza pekupeku kwenye mchanga.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wa ngazi zote, Bara na Visiwani. Kila kijiji kitengewe uwanja, upimwe na kulindwa kwa hati, kabla ardhi ya ufukoni haijagawanywa viwanja vya kujenga. Mashindano ya vijana yafanyike kila mwaka, uchaguzi uwepo usiwepo. Na vijana wenyewe waachiwe kuchagua rangi yao, wala asiwachagulie mfadhili.

Kijana wa Lyulilo ana haki ya kuishangilia Simba au Yanga. Lakini ana haki pia ya kuwa na timu ambayo, ikifungwa, kijiji kizima kitahuzunika, na ikishinda, jina la Lyulilo litavuka milima kama vinavyovuka vyungu vya mama zake.