Kizimba cha nyoka nyumbani: Kibali kwanza, mbao na komeo baadaye

BUKOBA, KAGERA – Mwananchi wa Bukoba au Muleba anayekusudia kufuga nyoka nyumbani anapaswa kufika katika ofisi ya wanyamapori ya halmashauri yake kabla ya kwenda kwa fundi seremala. Kizimba kilichojengwa vizuri hakihalalishi nyoka aliyepatikana bila kibali. Kibali nacho hakimlindi mtoto wa jirani iwapo kizimba kina tundu lililosahauliwa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatamka kuwa wanyamapori wote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Nyoka wa porini ni miongoni mwao, pamoja na makinda na mayai yake. Kwa hiyo mkulima anayekuta chatu katika shamba lake la migomba hajawa mmiliki wake kwa kumkuta. Kumkamata na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama nia ni kumtunza.

Sheria hiyo inatambua ufugaji wa wanyamapori katika ranchi, mashamba na bustani za wanyamapori, kwa leseni. Mwombaji anaanzia kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, ambaye humweleza kama aina ya nyoka anayemtaka na mahali anapokusudia kumweka vinaweza kuombewa leseni, na humwelekeza kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kwa wakazi wa Muleba ipo tahadhari ya ziada: sehemu ya wilaya hiyo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, na kumtoa mnyama yeyote ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa linalojitegemea.

Chatu yumo pia katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kumvusha katika mpaka wa Mutukula bila nyaraka husika ni kuvunja sheria, awe amenunuliwa au amepewa kama zawadi.

Sheria ya pili ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, inayomtaka anayemiliki mnyama amwepushe na njaa, kiu, maumivu, hofu na makazi yasiyomfaa. Hapo ndipo ubora wa kizimba unapogeuka kuwa suala la kisheria.

Nyoka wa sumu, wakiwemo swila, koboko na kifutu, hawana nafasi katika nyumba ya kuishi watu. Maelezo ya ujenzi yanayofuata yanawahusu nyoka wasio na sumu pekee.

Tundu moja lilivyoleta msiba

Agosti 2013, katika mji wa Campbellton, jimbo la New Brunswick nchini Canada, watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka sita, waliuawa usiku wakiwa usingizini. Aliyewaua alikuwa chatu wa Afrika, aina ileile inayopatikana Kagera. Chatu huyo alikuwa akifugwa katika jengo hilohilo. Alipenya katika bomba la kupitishia hewa lililoanzia kwenye kizimba chake, akaanguka kupitia dari la chumba walimolala watoto hao.

Kizimba hicho kilikuwa na kuta na mlango, lakini njia ya hewa iliachwa wazi kiasi cha kumpitisha mnyama huyo. Nyoka hahitaji kuvunja kitu. Husukuma kwa pua usiku kucha, na mahali kichwa kinapopita, mwili hufuata.

Yapo mazingira ambayo tundu liliwekwa kwa makusudi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mmisionari John Roscoe alieleza juu ya nyumba ya ibada ya chatu huko Bulonge, katika Buddu, ng'ambo ya mpaka wa leo wa Kagera na Uganda. Ilikuwa nyumba ya msonge, ukutani mkiwa na tundu la duara la chatu kupita atakapo, na mwanamke maalumu akimlisha maziwa. Chatu yule hakuwa mfungwa. Jamii nzima ilijua yupo na iliishi kwa miiko yake. Katika mtaa wa leo wenye nyumba zilizobanana, jirani hajui kilichomo nyuma ya ukuta wa pili. Wajibu wote umehamia kwa mwenye kizimba.

Ukubwa na vifaa

Kipimo cha kwanza ni mwili wa nyoka. Kizimba kiwe na urefu usiopungua urefu wa nyoka aliyejinyoosha. Nyoka mdogo wa kahawia asiye na sumu, ambaye huonekana karibu na nyumba akiwinda panya, hutoshewa na kizimba cha sentimita 120 kwa 60, kimo sentimita 60. Chatu hukua kufikia mita tatu hadi tano na huweza kuishi miaka zaidi ya 20. Huyo anahitaji chumba kizima kilichojengwa kwa ajili yake, na watu wazima wawili kila anapohudumiwa. Kinda la chatu linaloenea kwenye ndoo leo ni mzigo wa miongo miwili.

Kuta zijengwe kwa plaiwudi nzito, si mbao mbichi za msonobari zinazotoa utomvu na harufu kali. Ndani pakwe vanishi isiyo na mafuta, kisha kizimba kiachwe wazi kwa wiki moja au zaidi hadi harufu iishe. Maungio yazibwe kwa silikoni ili unyevu na kupe visipate maficho. Wavu wa chuma usitumike kama ukuta, kwa kuwa nyoka husugua pua hadi akajijeruhi.

Hewa ipite katika matundu madogo ya milimita tano, yaliyotobolewa kwa safu: moja chini upande wa baridi, nyingine juu upande wa pili. Kingo zipigwe msasa. Mlango uwe wa kioo kinene upande wa mbele, wenye kufuli. Komeo peke yake halitoshi. Baada ya ujenzi, kila ungio likaguliwe kwa tochi kutoka ndani wakati wa usiku. Panapopenya mwanga pasipokusudiwa, pazibwe.

Joto na mvua za Kagera

Nyoka hazalishi joto la mwili wake kama afanyavyo binadamu. Hulipata mahali alipo. Bukoba ina wastani wa joto wa takribani nyuzi 21 za Selsiasi na hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Hali hiyo huistawisha migomba na kahawa, lakini kwa nyoka aliyefungiwa ni ubaridi usiomwezesha kumeng'enya chakula.

Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 28 hadi 32, na mwingine nyuzi 24 hadi 26, ili nyoka achague mwenyewe. Taa ya joto iwekewe kizuizi cha waya, kwa sababu nyoka hujizungusha kwenye balbu na kuungua bila kuondoka. Kidhibiti joto na vipimajoto viwili si anasa. Umeme unapokatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa husaidia kwa saa chache.

Unyevu ukizidi, ukungu huota na nyoka hupata maradhi ya ngozi na mapafu. Sakafu itandikwe karatasi za magazeti, ambazo hubadilishwa kwa urahisi. Vumbi la mbao na maganda ya kahawa vina chembe zinazoingia puani na mdomoni. Vingine vinavyohitajika ni bakuli zito la maji na maficho mawili, moja kila upande.

Afya ya kaya

Nyoka huweza kubeba vimelea vya salmonela bila kuonyesha dalili. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa au kusafisha kizimba, na vyombo vyake visioshewe jikoni. Wakazi wa Bukoba walijenga desturi ya kunawa mikono wakati wa mlipuko wa Marburg mwaka 2023. Ugonjwa huo hauhusishwi na nyoka, lakini desturi hiyo inafaa kuendelezwa.

Mtu akiumwa na nyoka yeyote, awahishwe katika kituo cha afya bila kuchanjwa, kufungwa kamba wala kunyonywa jeraha. Kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka.

Anayeshindwa kumtunza

Mwananchi aliye na nyoka bila kibali, au aliyeshindwa kumtunza, asimwachie msituni wala kandokando ya ziwa. Nyoka aliyezoea watu hurudi penye kuku na watoto, na aliyeugua huweza kuambukiza wenzake wa porini. Atoe taarifa kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya au kwa mtendaji wa kijiji au mtaa ili achukuliwe na wataalamu. Vivyo hivyo kwa anayemkuta nyoka ndani ya nyumba: watu waondoke chumbani, mlango ufungwe, na msaada uombwe.