Simu inachaji, inaacha: kosa si la simu

Sisi wachimbaji wa huku Muheto, nguzo ya umeme haifiki mlangoni. Tuko na plake ya jua na betri ya volti 12, basi. Na mchimbaji ambaye simu yake imezima anauza koltani kwa bei anayoambiwa na mnunuzi. Juu ya hiyo tunaandika habari ya chaja.

Mafundi wengi wanatengeneza chaja kwa regilatere moja ndogo ya miguu mitatu, 7805. Maandishi yakikuelekea, mguu wa kushoto unapokea kura, wa katikati ni masi, wa kulia unatoa volti 5. Ni kitu kizuri, tena rahisi. Lakini zile volti 7 zinazobaki hairudishi kwenye betri, inazichoma kuwa joto. Simu ikivuta ampere 1, joto ni wati 7, na simu yenyewe inapata 5 tu. Bila radiatere, regilatere hiyo inabeba kama wati 1 au 2. Joto likikaribia digri 150 ndani yake, inajizima yenyewe; ikipoa, inaanza tena. Njo maana simu inachaji, inaacha, inachaji, na mtu anasema simu imekufa.

Ifungeni kwenye aluminiyamu, hata kipande cha sufuria iliyotoboka. Mgongo wa chuma wa 7805 umeungana na masi, ukigusa masi hakuna shida. LM317 ni tofauti: mgongo wake ni mguu wa kutoa. Hapo wengi wanaunguza kazi yao.

Kwa simu, sisi tunasema wazi: tafuteni chaja ya gari, ile inayokata kura vipande vipande. Kwa simu ile ile, betri inatoa karibu nusu ampere badala ya 1, na betri ya ampere-saa 7 inafikisha karibu mara mbili. Kwa redio, hapana. Chaja ya namna ile mara nyingi inatia kelele, na habari za barabara tunazisikia kwa redio. Redio ya pili nne inataka volti 6, wekeni 7806. Redio ndogo inavuta kidogo, hata radiatere haihitaji. Ya pili mbili, LM317 na rezistansi mbili, 240 na 330, zinatoa karibu volti 3.

Tena kuna LM1117, nayo karatasi ya watengenezaji wake inaomba kondansatere ya tantali ya mikrofaradi 10 kwenye mguu wa kutoa. Tantali hiyo inatoka kwenye koltani, ile tunayobeba mgongoni kwa magunia hapa Masisi. Inaondoka kwa kilo, inarudi kama punje ya mchele, na tunainunua. Mkiiweka, angalieni: kwenye tantali ile bapa mstari unaonyesha plus, lakini kwenye kondansatere za kawaida za mviringo mstari ni minus. Ukiigeuza, inawaka moto.