Mpiga Piano Mwenye Shoka

Chuck Leavell amekuwa akipiga vinanda na Rolling Stones tangu 1982, na bendi hiyo, kama miti mingine mikongwe, bado haijapata wa kuikata. Kabla ya hapo alikuwa na Allman Brothers Band. Piano inayosikika kwenye wimbo wao "Jessica" wa 1973 ni yake. Nyumbani Georgia, Marekani, anapanda miti. Pia anaikata.

Hilo la pili huwashangaza wengi. Tumezoea msanii apande mche mmoja mbele ya kamera, kisha mche uachiwe mbuzi. Leavell na mkewe, Rose Lane, wana takriban ekari 4,000 karibu na Macon, nyingi zikiwa za misindano, yaani paini. Mwanzo wa shamba hilo ni ardhi aliyorithi mkewe kutoka kwa bibi yake mwaka 1981. Elimu ya misitu Leavell aliisoma kwa njia ya posta, akimalizia mazoezi ndani ya basi la bendi. Mwaka 1999 wawili hao walitangazwa wakulima bora wa miti kitaifa.

Hoja yake haina mapambo: ardhi ya mtu binafsi isipomlipa mwenyewe kwa miti, itamlipa kwa viwanja. Basi anapunguzia miti iliyobanana, anauza, anapanda tena. Na anachoma. Moto huo unaeleweka ukimtazama msindano wa majani marefu, mwenyeji wa kusini mwa Marekani. Mche wake hukaa miaka kadhaa umejikunyata kama shungi la nyasi, mzizi ukizama chini. Moto mwepesi ukipita huteketeza vichaka vinavyoubana, huku kichipukizi kikisalimika katikati ya majani yake. Anayezuia moto kabisa huua msitu huo kwa huruma.

Sifa zake nitazipunguzia mahali pamoja. Kusubiri mti miaka 30 hakumchoshi sana mtu anayelipwa na Rolling Stones. Mkulima wa Mufindi au Njombe, Tanzania, naye anajua fika kwamba paini hulipa ikikomaa. Anaikata changa kwa kuwa ada ya shule haisubiri, na dalali yupo mlangoni na pesa taslimu. Semina ya subira haimsaidii. Benki zikubali miti iliyosimama kuwa dhamana ya mkopo, kisha ndipo tumwambie asubiri.