Kazi ya Kukaa Nayo Huumiza

Zamani tulipozungumzia magonjwa yatokanayo na kazi tulimfikiria mchimba migodi mwenye vumbi kifuani, au mkulima aliyechoka mgongo kwa jembe. Siku hizi katika familia zetu wapo vijana wanaotunga programu za kompyuta, yaani wanaiandikia kompyuta maagizo ya nini ifanye na kwa utaratibu gani. Ni programu za namna hii zinazotuwezesha kutuma fedha kwa simu. Kijana wa kazi hii huweza kukaa saa 8 hadi 10 kwa siku, na wengine hufanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya chakula au kitandani.

Mzazi akimwona husema, "Huyu amekaa tu, atachokaje?" Halafu usiku mmoja kijana anaamka vidole vimekufa ganzi, anakung'uta mkono kama mtu aliyeumwa na siafu. Asubuhi kikombe cha chai kinamponyoka. Hapo maneno huanza: huyu anasema amerogwa, yule anashauri apelekwe akachanjwe chale. Tusifike huko. Shida hii inajulikana, na ikiwahiwa inatibika.

Wala si jambo jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya maradhi ya makarani. Alitaja sababu tatu: kukaa muda mrefu, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kukazwa isije ikakosea. Sababu ni zile zile leo, ila mahali pa kalamu pameingia kibodi.

NINI HUTOKEA MWILINI?

Mikono. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Humo hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva moja. Mkono ukikaa umepinda huku vidole vikifanya kazi bila kupumzika, neva hiyo huweza kubanwa. Ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati, na upande mmoja wa kidole cha pete. Kidole cha mwisho mara nyingi husalimika. Ikiachwa muda mrefu, nyama iliyo chini ya gumba hupungua na nguvu ya kushika hupotea, na huenda isirudi yote.

Shingo na mgongo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa wima, mifupa hukibeba. Kikiinamia mbele, misuli ya shingo hukivuta mchana kutwa, ndipo maumivu huja mabegani na nyuma ya kichwa.

Macho. Mtu akikazia macho kioo cha kompyuta hupepesa kope mara chache kuliko kawaida. Macho hukauka, huwasha na kuona ukungu. Mwanga wa kompyuta haupofushi, lakini uchovu huo ni wa kweli.

JINSI YA KUPANGA MEZA

1. Kiti. Kiwe na egemeo linaloshika sehemu ya chini ya mgongo. Kama halipo, weka mto mdogo au taulo lililoviringishwa. Magoti yakunjwe kama pembe ya meza, na nyayo zikanyage chini zote.

2. Meza. Meza ya chakula mara nyingi iko juu mno kwa kuandika. Usikate miguu yake! Kalia mto unene wa kutosha hadi viwiko vilingane na meza, kisha weka ubao au matofali chini ya miguu isining'inie.

3. Kioo. Kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani sentimita 50 hadi 70. Ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo.

4. Kompyuta ya kubeba. Hii ina tatizo lake: kioo na kibodi vimeshikana. Ukiinua kioo, mikono nayo inapanda. Ukishusha mikono, shingo inainama. Dawa yake ni kuiinua juu ya vitabu na kutumia kibodi na mausi vya pembeni. Vitu hivi viwili ndivyo vya kununua kwanza.

5. Mikono. Vifundo vinyooke, visipinde juu wala chini. Mausi iwe karibu na kibodi, mkono usinyooshwe kuifuata.

6. Mwanga. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa mbele linaumiza macho, likiwa nyuma linang'aa kwenye kioo.

7. Mapumziko. Hata meza nzuri haiponyi mtu asiyesimama. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali mita 6 kwa sekunde 20. Angalau mara moja kila saa, inuka utembee, unyooshe mikono, unywe maji.

AENDE HOSPITALI LINI?

Asisubiri kama ganzi inamwamsha usiku, kama anaangusha vitu, au kama maumivu yanashuka kutoka shingoni hadi mkononi. Ganzi ya mikono huweza pia kuletwa na kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo au ujauzito, kwa hiyo ni lazima apimwe. Wengi hupata nafuu kwa kuvaa usiku kifaa kinachozuia kifundo kisipinde. Wachache huhitaji upasuaji. Asimeze dawa za maumivu kila siku kwa kujinunulia dukani, maana baadhi yake huchubua tumbo na kudhuru figo. Na mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu inalegea au anashindwa kuzuia mkojo aletwe siku hiyo hiyo.

Ninyi wazazi, msimcheke kijana anaposema amechoka kwa kukaa. Mlitoa ada ili akili yake ifanye kazi, lakini anaifanya kwa mikono na macho. Leo jioni mtazameni amekaaje. Mto, matofali mawili na vitabu vya zamani havina gharama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.