Pia inayoelea hewani: nani alistahili sifa?

Kwenye meza za ofisi, hasa Ulaya na Marekani, kuna vitu vidogo ambavyo kila mgeni huvitazama mara mbili: dunia inayozunguka hewani, taa isiyoshikwa na waya, chungu cha ua kinachoelea. Si uchawi, ni sumaku.

Kinachojulikana sana ni Levitron, pia ya kuchezea yenye gramu 20 hivi. Inaelea sentimeta 3 hivi juu ya kibao chenye sumaku, bila betri wala umeme.

Mwaka wa 1842, Mwingereza Samuel Earnshaw alionyesha kwa hesabu kwamba nguvu za namna ya sumaku haziwezi peke yake kushika kitu kikatulia hewani. Mwenye kuamini hesabu hizo angeacha kujaribu. Roy Harrigan, mkaaji wa Vermont nchini Marekani, hakuacha, na mwaka wa 1983 alipewa hati ya uvumbuzi wa pia yake. Earnshaw hakukosea, yeye alisema juu ya kitu kisichozunguka. Pia isipozunguka inapinduka mara moja na kunaswa na kibao. Ikizunguka, mwendo wake unaizuia kupinduka. Mwaka wa 1996, Michael Berry, mwanafizikia wa Bristol, Uingereza, alitoa maelezo kamili ya jambo hilo.

Lakini mwaka wa 1995 Edward na William Hones walikuwa wamepata hati yao wenyewe, na mchezo ukaenea madukani kwa jina la Levitron. Wapenzi wake wangali wanabishana juu ya nani asifiwe. Kwa haki, jina la Harrigan lilipaswa kutangulia.

Anayenunua pia hiyo ajitayarishe kwa uvumilivu. Uzito unarekebishwa kwa vipete vidogo sana, joto likipanda sumaku inapungua nguvu, na ukifaulu, baada ya dakika mbili hivi hewa imeshapunguza mwendo wake na inaanguka.

Dunia ya mezani haina shida hiyo. Kwenye kitako au fremu yake kuna kifaa kinachopima mahali ilipo na kurekebisha nguvu ya sumaku ya umeme kila mara. Inaelea siku nzima, mradi umeme usikatike. Ukikatika, inadondoka mezani, na wakaaji wa Goma au Bukavu hawahitaji kuelezwa hiyo ingekuwa mara ngapi kwa juma.