Ruzuku za Viwanja na Bustani: Kwa Nini Hati ya Ardhi Hutangulia

Katika mikutano ya wadi swali hili halikosi: uwanja wa watoto wetu utatengenezwa lini, na kama wafadhili wapo, kwa nini kaunti haiombi? Kaunti huweza kuomba. Lakini ombi haliandikwi kwa siku moja, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya mfadhili kuona karatasi yoyote.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la bustani, fuo na vifaa vya burudani. Jukumu hilo lipo pamoja na zahanati, barabara za mashinani, masoko na chekechea, na mgao wa kawaida ukigawanywa, bustani hukaa mwisho wa foleni. Hapo ndipo ruzuku inapohitajika. Kifungu cha 202 cha Katiba kinaruhusu kaunti kupewa fedha za ziada kutoka fungu la serikali ya kitaifa, zikiwa na masharti au bila masharti. Ruzuku yenye masharti imefungwa kwa kazi maalumu. Haiwezi kuhamishwa kulipa mishahara, hata hali ikiwa ngumu namna gani.

Mfano mzuri ni mpango wa kustawisha miji, maarufu kama KUSP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 300 mwaka 2017. Ulilenga miji 59 katika kaunti 45. Nairobi na Mombasa hazikuwemo. Mji haukupata fedha za ujenzi kwa sababu ya barua nzuri. Ulitakiwa kuwa na hadhi ya manispaa, bodi iliyoteuliwa na mpango wake wa maendeleo, kisha ukapimwa tena kila mwaka. Aliyeshindwa kutimiza masharti alikosa. Kazi nyingi zilikuwa barabara, mitaro, taa na masoko, na hapo pana funzo kwa wanaotaka viwanja: ombi hupata nguvu likibeba faida zaidi ya moja. Uwanja ulio bondeni ukipandwa miti na nyasi hunywa maji ya mvua ambayo yangeingia nyumbani kwa watu. Ukielezwa hivyo, unaweza kufikiriwa hata na wafadhili wa masuala ya tabianchi.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambako maombi mengi hukwama. Mfadhili huuliza mapema: ardhi hii ni ya nani, na hati iko wapi? Viwanja vingi vya mitaani vipo kwenye ramani tu. Shamba lilipogawanywa ploti, kipande kiliachwa kwa matumizi ya umma, lakini hakikupimwa wala kusajiliwa. Baada ya miaka kumi jirani anasogeza ua, mwingine anaweka kibanda, na wa tatu anatokea na karatasi. Wakenya hawajasahau Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi waliporushiwa vitoa machozi wakipinga uwanja wao kuzungushiwa ukuta. Hakuna mfadhili anayetaka kuweka bembea mahali penye kesi mahakamani.

Kwa hiyo kaunti hulazimika kutuma mpimaji, kurudisha mawe ya mipaka, na kufuatilia usajili pamoja na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambayo Katiba imeipa kazi ya kusimamia ardhi ya umma. Kazi hii ni ya polepole na haipigwi picha, lakini ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Hata ruzuku isipopatikana, ardhi inabaki.

Baada ya hati huja michoro, makadirio ya gharama na idhini za mazingira. Halafu kuna swali ambalo wengi hulipuuza: nani atakata nyasi? Ruzuku hujenga, mara chache hulipa mlinzi, maji na uzoaji wa taka. Kaunti isiyoonyesha fedha za matunzo katika bajeti yake huonekana haiko tayari.

Mradi pia lazima uoane na Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, CIDP, wa 2023 hadi 2027. Mpango wa kila mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Anayeleta ombi la uwanja mwezi Mei amechelewa. Na hata ruzuku ikishaahidiwa, ile inayopitia serikali ya kitaifa husubiri sheria ya migao ya ziada. Mswada ukikwama kati ya Seneti na Bunge la Kitaifa, kaunti zote husubiri.

Maoni yenu katika mikutano ya bajeti huandikwa na yanaweza kuambatanishwa na ombi kama ushahidi kwamba wakazi wanautaka mradi. Kwa hiyo taja uwanja kwa jina, mahali ulipo na wanaoutumia. Mwenye ramani ya zamani ya mgao wa ploti, au barua inayoonyesha kipande kilichoachwa kwa umma, aipeleke kwa msimamizi wa wadi itolewe nakala, kisha arudi nyumbani na ile ya asili.