Je, Wajua? Picha Yako Ina Mdomo!

Je, wajua mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo, uko digrii 0.35 hivi kaskazini mwa Ikweta? Hizo ni kama kilomita 39! Hujawahi kupima, lakini picha uliyopiga jana uani kwako huenda inajua, maana kamera iliyoruhusiwa kutumia GPS huandika mahali ulipo ndani ya picha yenyewe.

Ngoja, bado. Hesabu tarakimu za digrii hizo baada ya nukta: ya nne ina thamani ya mita 11, ya tano mita 1 tu. Simu nyingi huandika zaidi ya hizo, na palipo wazi hukosea kwa mita chache tu. Hapo si mtaa tena, ni mlango wako!

Bando limeisha? Haisaidii. GPS haili bando: simu husikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu ya kichwa chako.

Taarifa hizo fiche huitwa EXIF: mahali, aina ya simu, saa, dakika, hata sekunde. Utaratibu huo ulizaliwa Japani mwaka 1995. Mvumbuzi Philippe Kahn alituma picha ya mwanawe mchanga kwa simu aliyoiunganisha na kamera mwaka 1997, kwa hiyo umbea ulitangulia simu zenye kamera!

Sikia hii. Desemba 2012 John McAfee, tajiri wa programu za kuua virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni akiwakwepa polisi wa Belize. Jarida la Vice likachapisha picha yake bila kufuta EXIF, na dunia nzima ikajua yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa.

Na Machi 2024, picha ya Catherine, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, ilitoboa siri yake yenyewe: taarifa zake zilionyesha imehifadhiwa mara 2 kwenye Photoshop.

Sasa kaa vizuri, hii ndiyo niipendayo. Ukituma picha kwa WhatsApp kawaida, mahali pa GPS hufutwa. Picha ileile ukiituma kama dokumenti, inaondoka na kila kitu! Wengi hutuma hivyo ili isipoteze ubora, wala hawajui wameambatanisha njia ya nyumbani.

Facebook nayo huwafichia wenzako EXIF. Lakini tangu 2010 unaweza kuiomba ikupe nakala ya vitu vyako vyote, picha zikiwemo, na faili likiwa tayari una siku 4 za kulipakua. Humo huenda ukakuta hata anwani ya intaneti uliyotumia kupakia picha. GPS yako usiitafute kwenye picha zenyewe. Nakala kamili ni ile iliyobaki kwenye simu, kwa hiyo usiifute.

Unadhani Kenya hakuna sheria ya kulinda data? Ipo tangu 2019! Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja ikalimwa 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Na malalamiko yako lazima yaamuliwe ndani ya siku 90.

Haya, toa simu. Fungua mipangilio ya kamera, tafuta palipoandikwa mahali, zima. Na ukienda hifadhi ya Lewa kutazama faru, zima kabla ya lango: majangili nao wana simu.